Gari la dharura Marangu: dakika zinapotelea wapi kabla mgonjwa hajafika hospitali?

Ni saa nane usiku, masika, mvua inanyesha Marangu. Mama amejifungulia nyumbani kabla ya siku aliyoitarajia, mtoto analia vizuri, lakini damu ya mama haikati. Mume anatoka kibarazani na simu mkononi. Anampigia ndugu yake mwenye Noah, simu haipokelewi. Anampigia jirani mwenye Probox, anaambiwa gari limelala Moshi. Dereva wa bodaboda anapokea, lakini anauliza mama mwenyewe ataketije. Dakika 40 zimepita na hakuna gurudumu hata moja lililozunguka.

Wasikilizaji wetu wengi wanaijua hali hii bila sisi kuisimulia. Na kila tunapozungumza hewani kuhusu dharura, swali la kwanza huwa ni gari. Gari gani linafaa? Kwa nini kwa wenzetu ng'ambo tunaona magari madogo ya kasi yenye king'ora, na sisi tuna Land Cruiser nzito? Je, dereva mwenye mguu mzito ndiye atakayemwokoa mgonjwa?

Katika makala haya tunaeleza magari hayo ya kasi yanafanya kazi gani hasa, kwa nini hesabu yake ni tofauti kwenye mteremko wa Marangu, na unachoweza kupanga leo mchana ili usiku wa dharura usikukute ukitafuta namba za watu.

Gari la kasi lisilobeba mgonjwa

Kuna aina ya gari ambayo huku kwetu huitwa stesheni wagoni. Ni gari dogo la kawaida, ila paa lake linaendelea hadi nyuma, na buti lake ni refu na wazi. Probox ni stesheni wagoni. Corolla Fielder pia.

Huko Ulaya, baadhi ya stesheni wagoni hutengenezwa zikiwa na injini kubwa au yenye turbo. Turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Feni hiyo husukuma hewa zaidi ndani ya injini, mafuta yanaungua vizuri zaidi, na gari linapata nguvu. Volvo ya Sweden ilijulikana sana kwa magari hayo. Mwaka 1994 iliingiza stesheni wagoni yake aina ya 850 kwenye mashindano ya mbio za magari ya Uingereza, watazamaji wakashangaa kuona gari la kubebea familia na mizigo likikimbizana na magari ya mashindano. Baadaye polisi wa Uingereza walizitumia Volvo za aina hiyo kwenye barabara kuu.

Huduma za afya nazo zikaona faida. Huduma ya magari ya wagonjwa ya London imewahi kutumia stesheni wagoni za Skoda Octavia zinazoendeshwa kwa magurudumu yote manne. Ujerumani ina utaratibu wa daktari wa dharura kupanda gari lake dogo la kasi na kukutana na gari la wagonjwa pale mgonjwa alipo.

Kwa nini stesheni wagoni? Kwanza, gari hili ni fupi kwa kimo, kwa hiyo linashika kona kuliko gari refu la wagonjwa. Pili, buti linameza mtungi wa oksijeni, mashine ya kushtua moyo, mikoba ya dawa na vifaa vya kuzuia damu. Tatu, ni gari linalouzwa kwa watu wote, hivyo vipuri vyake vinapatikana kirahisi.

Jambo tunaloomba ulishike ni hili: kwa kawaida gari hilo la kasi halimbebi mgonjwa. Linambeba mhudumu au daktari pamoja na vifaa vyake. Yeye anafika kwanza, anazuia damu, anafungua njia ya hewa, anachoma sindano. Gari kubwa la wagonjwa linakuja nyuma yake, na baada ya hapo mgonjwa husafirishwa akiwa ameshaanza kuhudumiwa. Uingereza imejiwekea lengo kwamba kwa mgonjwa aliye hatarini kabisa, wastani wa muda wa kufikiwa uwe dakika 7. Lengo hilo linahesabu dakika za mtaalamu kumfikia mgonjwa. Kumfikisha mgonjwa hospitali ni hesabu nyingine.

Huku kwetu mambo yako kinyume. Gari linambeba mgonjwa kumpeleka kwa mtaalamu. Kwa hiyo tunapotamani ile kasi ya Ulaya, tunataka kufanya jambo ambalo hata wao wanaliepuka, yaani kukimbiza mgonjwa ambaye hajaguswa na mtu yeyote wa afya.

Afrika Mashariki na gari la familia lenye nguvu

Magari ya namna hii si mageni kwetu. Wazee wanazikumbuka Peugeot, au Pijo kama wengi walivyoziita. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953 na kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa na makazi yake hapa Tanzania. Mwaka 1975 Peugeot 504 nayo ikashinda.

Ndugu wa magari hayo ya mashindano walikuwa stesheni wagoni za 404 na 504, zenye springi ngumu na viti vya safu tatu. Zilibeba abiria, mizigo, harusi na misiba. Na usiku wa dharura, zilibeba wagonjwa.

Leo nafasi hiyo imechukuliwa na Probox, gari ambalo Toyota ililitoa Japani mwaka 2002 kwa ajili ya kusambazia bidhaa. Injini yake ni ndogo, petroli yake ni ya wastani, na kiti cha nyuma kinakunjika kikaacha sakafu ndefu. Haina king'ora wala oksijeni. Lakini katika vijiji vingi, gari la namna hiyo ndilo la kwanza kupatikana, na kwa hiyo ndilo gari la dharura la kweli.

Hesabu ya dakika: Marangu hadi Moshi

Tuweke hesabu mezani. Kutoka Marangu Mtoni kushuka hadi njia panda ya Himo ni takriban kilomita 13. Kutoka Himo hadi Moshi mjini ni takriban kilomita 27 za barabara kuu.

Dereva mtulivu akishuka kwa wastani wa kilomita 40 kwa saa, atafika Himo kwa dakika 20 hivi. Akiendelea kwa kilomita 80 kwa saa, atatumia dakika nyingine 20 kufika Moshi. Jumla ni dakika 40.

Sasa mpe gari la kasi na dereva asiyeogopa. Anashuka kwa kilomita 60 kwa saa hadi Himo, dakika 13. Anakwenda kwa kilomita 110 kwa saa hadi Moshi, dakika 15. Jumla ni dakika 28.

Kwa hatari yote hiyo ameokoa dakika 12. Na hapo tumechukulia kwamba hakuna lori, hakuna ng'ombe, hakuna ukungu na hakuna tuta. Dakika 12 si kitu kidogo kwa mtu anayevuja damu. Lakini yule mume wa mwanzo wa makala haya alipoteza dakika 40 akitafuta gari, kabla ya safari kuanza. Hakuna injini inayoweza kuzirudisha dakika hizo barabarani.

Mteremko hausamehe

Kuna sababu nyingine ya kuogopa mbio za kushuka. Ukiongeza kasi mara mbili, kwa mfano kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, umbali ambao breki zinahitaji kulisimamisha gari huongezeka mara nne. Kwenye lami iliyolowa huongezeka zaidi, na kwenye mteremko gari linasukumwa na uzito wake lenyewe.

Dereva anayeshuka kutoka Marangu akikanyaga breki muda wote huzichemsha. Breki zikipata moto sana hupoteza mshiko. Mafuta ya breki yakichemka, pedali huzama hadi chini na gari halisimami. Ndiyo maana madereva wazoefu wa milimani hushuka na gia ndogo, wakiacha injini ilizuie gari, na breki wanazigusa kwa vipindi tu. Hata kwenye gari la otomatiki kuna nafasi ya gia ndogo kwenye kile kirungu cha gia. Itumie.

Kisha kuna mgonjwa aliyelala nyuma. Hana mkanda, hana cha kushika. Kila kona ya kasi inamrusha upande mmoja, kila breki ya ghafla inamsukuma mbele. Aliyevunjika mfupa anaumia zaidi. Aliyepoteza fahamu anaweza kutapika na matapishi yakaingia kwenye njia ya hewa. Na yule anayejaribu kukandamiza kidonda ili damu isitoke, mkono wake unateleza.

Taa za hazadi na honi havimpi dereva wa gari la kawaida haki ya gari la wagonjwa. Kwenye makazi ya watu, kikomo cha mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Anayevuka barabara usiku pale Himo hajui kama ndani ya gari kuna mgonjwa. Tusitengeneze majeruhi wa pili tukimkimbiza wa kwanza.

Kwa nini Land Cruiser, ingawa ni nzito?

Magari mengi ya wagonjwa unayoyaona vijijini ni Land Cruiser, zile ambazo mafundi wetu huziita Hardtop. Injini yake kubwa ya dizeli haina haraka. Gari ni refu, zito, na kwenye lami Probox inaweza kuliacha.

Lakini hospitali zetu haziko mlangoni pa lami. Nyumba iko katikati ya kihamba, njia imepakana na migomba na mfongo, na ule udongo wetu mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni. Hapo gari linahitaji kuwa juu ya mawe, kuendeshwa kwa magurudumu yote manne, na kuvumilia mizigo. Nyuma kuna nafasi ya kitanda, mhudumu kuketi pembeni, na mtungi wa oksijeni kufungwa.

Mwinuko nao una kodi yake. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Dereva anayetoka Himo kuja kumchukua mgonjwa juu ya Marangu anaisikia tofauti hiyo kwenye mguu wake.

Kwa hiyo kila gari lina kipande chake cha njia. Mahali ambapo hakuna gari litakalofika, vijana hubeba machela hadi barabarani. Bodaboda inaweza kumleta mhudumu wa afya hadi mlangoni, lakini haifai kumbeba mtu aliyezimia, anayevuja damu nyingi au aliyevunjika. Kutoka barabara ya vumbi hadi zahanati, Probox au Noah inatosha. Kutoka kituo cha afya hadi hospitali kubwa, gari lenye mhudumu na vifaa ndilo linalotakiwa.

Kuna mfano mzuri juu yetu, mlimani kwenyewe. Kwenye njia ya Marangu, mpandaji akizidiwa na ugonjwa wa mwinuko huko Kibo, mita 4,720, au Horombo, mita 3,720, waokoaji humshusha kwa machela yenye gurudumu moja, wakiisukuma na kuizuia kwa mikono. Chombo hicho hakina kasi yoyote ya kujivunia. Lakini ugonjwa wa mwinuko tiba yake ya kwanza ni kushuka. Kwa hiyo matibabu yanaanza pale gurudumu linapoanza kuzunguka, na anayesubiri chombo bora zaidi huku mgonjwa amelala juu anachelewesha tiba yenyewe.

Ucheleweshaji wa aina tatu

Mwaka 1994, watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walichapisha maelezo ambayo hadi leo wataalamu wa afya ya uzazi wanayatumia duniani kote. Walisema mama anayefariki kwa uzazi mara nyingi amecheleweshwa katika sehemu tatu.

Ya kwanza ni kuamua. Familia inasubiri baba arudi, inasubiri mama mkwe aseme neno, inasubiri asubuhi, au inaogopa gharama.

Ya pili ni kufika. Hakuna gari, hakuna fedha ya mafuta, barabara imekatika.

Ya tatu ni kuhudumiwa. Mgonjwa amefika, lakini hakuna damu, hakuna mtaalamu wa zamu, au amepelekwa mahali pasipoweza kumtibu.

Ukitazama vizuri, gari la kasi linagusa nusu tu ya ucheleweshaji wa pili. Sehemu nyingine zote zinatibiwa na mipango, simu na makubaliano ya watu.

Na muda wenyewe ni mfupi. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Lakini mama huyo huyo akipita kwenye zahanati au kituo cha afya cha karibu akachomwa sindano ya oksitosini, mji wa mimba unakaza na damu inaweza kupungua kabla hajaanza safari ya Moshi. Mwenye kifafa cha mimba naye anaweza kuanzishiwa dawa ya magnesiamu salfeti kabla ya kusafirishwa.

Ndiyo maana wahudumu wa afya husisitiza kwamba mama huyo asikimbizwe moja kwa moja Mawenzi au KCMC wakati kuna kituo njiani. Kazi ambayo Ulaya inafanywa na yule mhudumu kwenye stesheni wagoni, kwetu inafanywa na muuguzi wa zahanati. Pita kwake, na umpigie simu mapema akusubiri. Ukiwa Marangu na vitongoji vyake, kuna hospitali karibu zaidi kuliko Moshi, kama Hospitali ya Marangu ya KKKT na ile ya Kilema. Muulize muuguzi wako leo ni ipi inayofanya upasuaji wa uzazi na kuongeza damu usiku.

Namba 115: gari la jirani linapokuwa gari la wagonjwa

Tanzania imepata jibu lake, na halikuanza kwa kununua magari ya mbio. Ni mfumo unaoitwa m-mama. Ulijaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua upanuzi wake kwenda nchi nzima. Serikali inashirikiana na Vodafone Foundation na wadau wengine.

Unafanya kazi hivi. Familia au mhudumu wa afya anapiga 115, namba isiyotozwa. Mratibu anayepokea simu anauliza maswali mafupi: mgonjwa ni nani, yuko wapi, ana dalili gani. Majibu hayo yanamwonyesha kama ni dharura na ni kituo gani kinaweza kumhudumia. Kisha anatafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Kama halipo au liko mbali, anampigia dereva wa kawaida wa eneo hilo, mwenye teksi au gari lake binafsi, ambaye tayari amechunguzwa, amefundishwa na kuingia mkataba.

Dereva anamfikisha mgonjwa, kituo kinathibitisha kuwa amefika, na malipo yake yanatumwa kwa simu. Mgonjwa halipi nauli.

Huduma hii ni kwa mama mjamzito mwenye dharura, mama aliyejifungua ndani ya siku 42, na mtoto mchanga wa hadi siku 28. Haikuwekwa kwa ajili ya kwenda kliniki ya kawaida.

Mambo mawili yanastahili kutazamwa hapa. Kwanza, mfumo unapunguza ule ucheleweshaji wa kutafuta gari, kwa sababu kazi ya kupiga simu kumi inafanywa na mtu mmoja mwenye orodha. Pili, unapunguza woga wa gharama, ambao ndio unaozifanya familia nyingi zisubiri asubuhi.

Vifo vya uzazi nchini vimeshuka sana. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Hatusemi usafiri peke yake ndio umeleta mabadiliko hayo, maana vituo vya afya vimejengwa, na wauguzi na dawa vina sehemu yao. Lakini kituo kizuri hakimsaidii mama ambaye hakufika.

Kwa dharura nyingine, kama ajali, moto au mtu kuanguka mtini, m-mama si mahali pake. Polisi wanapatikana kwa 112, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa 114. Kwa ushauri wa afya kuna kituo cha simu cha Wizara ya Afya, 199.

Ukiombwa gari lako usiku

Kama una Probox, Noah au pikapu, kuna siku utagongewa mlango. Haya ndiyo ya kukumbuka.

Kunja kiti cha nyuma, tandika godoro, na ondoa jeki, madumu na kila kitu kinachoweza kuruka. Mtu mmoja aketi pembeni ya mgonjwa muda wote, kazi yake ikiwa kumtazama anavyopumua.

Mama mjamzito alazwe ubavu wa kushoto. Akilala chali, uzito wa mimba unabana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo.

Aliyezimia lakini anapumua alazwe ubavu, kichwa kikielekea chini kidogo ili matapishi yatoke.

Anayevuja damu kwenye kidonda, kandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake.

Aliyeanguka kutoka juu au kugongwa na gari, usimkunje wala kumketisha. Watu kadhaa wamwinue kwa pamoja, kichwa, shingo na mgongo vikiwa kwenye mstari mmoja, alale juu ya ubao au mlango.

Usimpe chakula wala kinywaji mgonjwa anayeweza kuhitaji upasuaji.

Kwa majeruhi wa ajali, ndugu mmoja aende polisi kushughulikia fomu ya PF3 wakati gari linaelekea hospitali. Gari lisipite polisi likiwa na mgonjwa nyuma.

Na wewe dereva, endesha ukifikiria yule aliyelala nyuma. Mwendo wa utulivu usiokatika unamfikisha mgonjwa akiwa hai kuliko mbio za kukanyaga na kuachia.

Ya kupanga kabla ya usiku huo

Mkae kama familia, na ikiwezekana kama kitongoji, mmalize mambo haya mchana kweupe.

Andikeni 115 kwenye simu zote za nyumbani, pamoja na namba ya muuguzi wa zahanati na ya mhudumu wa afya wa jamii. Iandikeni pia kwa chaki ukutani, maana simu huzima.

Kubalianeni na madereva wawili, si mmoja, na wote wajue njia ya kufika kwenu. Semeni bei ya safari sasa, wakati hakuna anayelia.

Kama mna kikundi cha kuweka na kukopa, tengeni fungu dogo la dharura linaloweza kutolewa usiku bila kikao. Fedha ya mafuta ndiyo iliyowakwamisha wengi.

Amueni nani ana ruhusa ya kusema "twende" kama baba hayupo. Mama mjamzito mwenyewe awe wa kwanza kwenye orodha hiyo.

Jueni nani atafuatana na mgonjwa kwa ajili ya kuchangia damu.

Na yale mashimo na matawi kwenye njia ya kihambani, yashughulikieni siku ya msaragambo. Nusu saa ya majembe inaweza kulifikisha gari hadi mlangoni.

Yule mume wa saa nane usiku hakukosa gari kwa sababu Marangu haina magari. Yapo, na madereva wapo. Alichokosa ni mtu mmoja wa kumpigia ambaye angejua la kufanya. Kabla hujaifunga simu yako baada ya kusoma hapa, ihifadhi namba hiyo: 115. Kisha mwonyeshe mama mjamzito aliye karibu nawe.